Nati ya Mwisho

Jumatatu, 6 Mei

Kwako mke wangu, bibi wa mjukuu mpya,

Mimi mzima. Nina wasiwasi na vitu viwili tu, wewe na tairi zangu, na usiniulize nimeanza na kipi.

Naandika barua kwa sababu simu imekufa. Nilikuwa nimeinamia beseni natafuta pancha, simu ikachupa kutoka mfuko wa shati, chubwi, ikatoa mapovu kuliko ule mpira wenyewe. Nikaitafuta tundu, sikuliona. Usicheke. Dereva wa basi la asubuhi amekubali kuwa posta wetu. Herufi zangu zimelala upande kama walevi, lakini zote zinafika nyumbani.

Hapa kibandani ni yale yale. Lile duka la matairi la Paa Jekundu linanitazama tangu asubuhi kutoka ng'ambo ya barabara kama jicho la mtu mwenye homa. Wana vioo, wana kiti cha kuzunguka, wana mashine inayojikamua kahawa yenyewe. Matawi kila mji, kama upele. Tangu wafungue hili la hapa, wateja wangu wa miaka yote wanapita wakijifanya wanatazama mawingu. Jana mwalimu mkuu, ambaye nimemzibia pancha tangu hajaota ndevu, kaingia kule na gari lake. Nikamwita, "Mwalimu, umekosea njia!" Akasema anauliza tu. Akatoka na tairi nne za kuuliza.

Lakini hawana hadithi wale. Nani kati yao aliwahi kulizuia lori la tani ishirini kwa bega lake, mteremkoni, jeki imeteleza, mvua inamwagika? Unaijua hadithi hiyo, sitakukumbusha. Ila mvua ilikuwa kubwa.

Sasa sikiliza. Zile tairi mbili za nyuma nilizokufungia kwenye pikapu ni kazi ya mkono wangu. Kiraka nilichoweka humo kitadumu kuliko mimi. Zimekufikisha kwa binti yetu, zitakurudisha, na zikibaki zitampeleka mjukuu chuo kikuu. Mtu yeyote asiziguse. Hasa mtu mwenye shati jekundu.

Chakula nakula. Nilipika uji, umeungua, nimeuloweka pamoja na sufuria tangu Ijumaa.

Mumeo,
Jeki, anayeinua wote na hajainuliwa na mtu


Ijumaa, 10 Mei

Mume wangu,

Barua nimeipata. Inanuka gundi ya pancha, sikuhitaji kutazama jina. Mjukuu ni wa kiume, ana kichwa kama chako, yaani hakipiti mlangoni. Binti yetu yuko salama, amechoka tu. Mkwe anakusalimu. Anaogopa kumbeba mtoto, anambeba kama sahani ya mchuzi.

Sasa usisimame, kaa chini. Nimebadilisha tairi. Zile mbili za nyuma. Zilikuwa zimechoka kidogo. Nimenunua Paa Jekundu, tawi la huku.

Najua. Maliza kelele, kisha uendelee kusoma.

Niliingia roho juu, nikijua mwanamke peke yake atauziwa duka zima. Wakanipa kiti, wakanipa maji. Fundi wao mmoja, mtu mzima, mguu mmoja mzito, akalizunguka gari mara mbili bila kusema neno, akachutama, akaipapasa tairi kama daktari anavyopapasa tumbo. Akasema, "Mama, gari hili halitoki hapa hivi." Hakuniuzia nne kama nilivyoogopa. Alisema za mbele bado zina maisha. Akafunga, akapima upepo, akapima tena. Mwisho akanikabidhi spana, nati ya mwisho nikaze mwenyewe. Nikakaza. Mume wangu, nimeishi miaka thelathini na tano katikati ya matairi yako, na sijawahi kushika usukani moyo umetulia hivi.

Wana daftari la maoni ya wateja. Nikaandika, nimehudumiwa kwa heshima. Ndivyo ilivyokuwa.

Uji haulowekwi. Mwaga.

Mkeo


Jumapili, 12 Mei

Mke wangu,

Nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nimesimama, kama ulivyonikataza.

Nati ya mwisho!

Toka gurudumu livumbuliwe, duniani kuna watu wawili tu wanaompa mwenye gari spana akaze nati ya mwisho. Mmoja anakuandikia barua hii. Mwingine nilimtupia sanduku lake la spana barabarani miaka kumi na minane iliyopita, hapa hapa mbele ya kibanda, na wewe ulikuwepo. Na mguu mzito! Wenye mguu mzito wanaopapasa tairi bila kusema wako wangapi? Ni Kimya. Mshirika wangu Kimya, niliyefanya naye kazi miaka ishirini nikidhani ni bubu mwaminifu, kumbe ni bubu tu.

Halafu unaniandikia "fundi wao mmoja". Fundi wao mmoja! Ni sawa na mtu akutane na shemeji yake sokoni, arudi nyumbani aseme, leo nimeona binadamu.

Hebu tukumbushane, maana wewe unasahau kwa kuchagua. Ulinijia kibandani bado binti, na gari la baba yako mdogo, tairi ya mbele imelala chini kama mbwa wa mchana. Nikafunga, nikabakiza nati moja. Nikakupa spana. Ukasema hujui kukaza. Nikasema ni rahisi, nikaweka mkono wangu juu ya mkono wako, tukakaza pamoja, taratibu, nati ndogo ile ikachukua robo saa. Wengine walikuletea wajomba zao waje waseme maneno, mimi nilikuletea spana. Nani alishinda?

Sasa siku ile ya sanduku narudi kibandani namkuta Kimya kakushikisha spana, kwenye pikapu yangu mwenyewe, nati ya mwisho, na mnacheka. Nifikiri nini? Kwamba anakufundisha hesabu? Mimi najua ile nati inafanya kazi gani. Imenipa mke.

Na leo, baada ya miaka yote hiyo, ni yeye tena, na ni nati tena, na moyo wako "umetulia". Kwangu ulikuwa unafanya nini huo moyo, unaruka kamba?

Sema tu: aliweka mkono? Siulizi kwa wivu. Mimi sina wivu, muulize mtu yeyote ninayemchukia. Nauliza kama fundi.

Na hizo tairi mpya, meno yake mazuri? Usinijibu.

Jeki


Jumatano, 15 Mei

Mume wangu,

Ndiyo, ni Kimya. Amezeeka, kichwa kimekuwa majivu. Anaishi peke yake, chumba kimoja, nyuma ya kiwanda cha matofali. Jina sikuliandika kwa sababu nakujua. La nati nililiandika makusudi. Nilisema moyoni, akisoma hapo atajua ni nani, na akijua labda atalainika, miaka imepita. Kumbe nimeumwagia moto mafuta.

Alikuulizia. Tulipomaliza mambo ya gari, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mzee bado anasimulia?" Nikamwambia anasimulia, na lori linazidi kunenepa. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Mkono hakuweka. Alisimama hatua mbili nyuma yangu, mikono mgongoni kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Hata ile siku ya sanduku ilikuwa hivyo hivyo, ungekuwa na macho ungeona, lakini ulikuja na mdomo peke yake.

Baba watoto, nina miaka sitini. Nina goti linalolia nikipanda ngazi na meno mawili niliyoyaacha kwa daktari. Unadhani kuna foleni?

Nitarudi mtoto akitimiza wiki sita. Kabla sijaondoka Kimya atazitazama zile tairi za mbele. Nimemwomba mimi. Usianze.

Mkeo


Alhamisi, 16 Mei

Kwa Mkubwa wa Paa Jekundu, Makao Makuu

Mimi ni mteja wenu. Jina langu halina haja, mteja ni mteja.

Nilikwenda kununua tairi katika lile tawi lenu lenye fundi anayechechemea, nikiwa na gari langu zuri sana. Nimekaa kwenye kiti chenu mpaka kikanizoea. Fundi huyo hatua moja anaipiga leo, ya pili kesho. Analizunguka gari mara mbili kama anatafuta mlango. Na hasemi! Mteja anataka maneno, karibu mzee, za nyumbani, huyu kafunga mdomo kama tairi isiyo na tundu.

Hayo nayasamehe. Lakini anawapa wake za watu spana. Anawaambia wakaze nati, halafu anawashika mikono. Nimeona kwa macho yangu haya mawili, na yote mawili mazima. Tena nati zangu aliziacha zimelegea. Njiani gurudumu likanitoka, likanipita, nikalipungia.

Nawashauri kama mtu mzima. Mafundi wa kweli wapo. Mbele ya tawi lenu jingine, ng'ambo ya barabara, yupo mzee mmoja ana kibanda, mkono wake dhahabu tupu. Mzee huyo aliwahi kulizuia lori la tani thelathini kwa bega, mteremkoni, mvua ya mawe. Jifunzeni kwake.

Jibu langu mlipeleke kwenye kibanda hicho hicho. Mzee huyo ananipokelea barua, ni mwaminifu sana.

Mimi,
Mteja Aliyeumia


Jumatatu, 27 Mei

Ndugu Mteja Aliyeumia,

YAH: LALAMIKO LAKO KUHUSU HUDUMA

Tunakushukuru kwa kuchagua Paa Jekundu, mahali ambapo safari yako ni safari yetu. Tumesikitishwa sana na uliyokutana nayo. Usalama wa wateja na heshima kwa akina mama ni nguzo za kampuni yetu.

Tunapenda kukufahamisha kuwa fundi husika amesimamishwa kazi tangu tarehe 23 Mei. Alisomewa lalamiko lako, akapewa nakala, na alipotakiwa kujieleza hakutoa maelezo yoyote. Endapo hatajitetea kufikia tarehe 14 Juni, ataachishwa kazi.

Kama ishara ya shukrani tunakuletea kofia moja nyekundu na kuponi ya kupimiwa upepo bure katika tawi lililo karibu nawe.

Kwa ajili ya kumbukumbu zetu, tunaomba utujulishe gurudumu lililokupita lilikuwa la upande gani.

Wako katika huduma,
Afisa Uhusiano wa Wateja


Jumanne, 28 Mei

Mke wangu kipenzi,

Leo mimi mzima kuliko kawaida. Nimelala usingizi wa mtoto, nimeosha sufuria, nimefagia kibanda mpaka mende wameomba radhi. Nimeziba pancha tatu nikiimba. Dereva wa basi ameniuliza, mzee umeoa tena? Nikamwambia, nimeoa yule yule.

Nasikia, watu wanasema tu, mimi sijui, kwamba huko Paa Jekundu kuna watu wanasimamishwa kazi. Ndiyo maduka makubwa hayo. Leo shati jekundu, kesho huna shati. Basi usijisumbue kwenda tena. Za mbele nitazitazama mwenyewe ukifika, na nati zote tutakaza pamoja kama zamani, mkono juu ya mkono, hata robo saa, hata nusu. Mikono yangu haijazeeka. Kinachozeeka ni mgongo, na mgongo haukazi nati.

Na ukikutana na mtu yule njiani, usimwulize kitu. Watu wenye matatizo wanapenda kuachwa.

Kuna mtu amenipa kofia nyekundu. Imenikaa vibaya. Nimeivisha nguzo ya kibanda.

Mumeo wa pekee, narudia, wa pekee,
Jeki


Jumamosi, 1 Juni

Mzee Jeki,

Leo sikuiti mume wangu.

Alhamisi nilikwenda atazame tairi za mbele. Wakaniambia hayupo. Hawakutaka kusema zaidi. Nikamfuata kwake. Nimemkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anafuta spana ambazo tayari ni safi. Nikamwuliza, shemeji, kuna nini? Akanipa karatasi.

Nimesoma mistari michache tu. Nani mwingine duniani analalamikia tairi akaingiza lori la mteremkoni? Na limefika tani thelathini! Na mvua imekuwa ya mawe!

Nikamwambia, "Shemeji, wewe umejua ni nani."

Akasema, "Nilijua walipofika penye bega."

"Mbona hukuwaambia?"

"Ningewaambia nini, shemeji? Kwamba rafiki yangu ni mwongo?"

Rafiki yangu. Ndivyo alivyosema, na anaendelea kufuta spana.

Sasa nami nikuambie nilichokuficha. Tairi zako hazikuwa zimechoka kidogo. Siku ile nilikuwa natoka hospitali. Nimempakia binti yako na mtoto wa siku tatu. Gari likaanza kutetemeka nyuma, nikaingia Paa Jekundu kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbele yangu. Kiraka chako kitakachodumu kuliko wewe kilikuwa kimevimba kama shavu la mwenye jino bovu, waya zimetoka nje. Kimya akaweka kiganja pale. Akanitazama. Akamtazama mtoto. Akasema, "Kazi ya mzee?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Usimwambie hivi, itamuumiza. Mwambie zimechoka kidogo."

Maneno yale uliyoyasoma ni yake. Mimi ningeandika mengine.

Na jingine, maana leo nimefungua. Siku ile ya sanduku nilimwuliza kwa nini anawapa watu nati ya mwisho. Akaniambia baba yake alikufa kwa nati iliyosahauliwa. Basi yeye anataka kila mwenye gari aikaze kwa mkono wake, aondoke ana uhakika. Ulikuwa utaratibu wake kabla haujawa wako. Halafu akasema, "Ila mzee yeye aliipatia kazi nyingine." Hapo ndipo tulipocheka. Tulikuwa tunakucheka wewe, nawe ukaja na sanduku.

Nilikuambia miaka ile hukusikia. Soma sasa.

Sirudi. Mpaka mtu huyu arudi kazini kwake, pikapu itakaa hapa na mimi nitakaa hapa. Tarehe kumi na nne ndiyo mwisho wake, na yeye hatafungua mdomo. Mdomo mkubwa uko kwako. Safari hii utumie kwa kazi.

Mama wa binti yako


Jumanne, 4 Juni

Kwa Mkubwa wa Paa Jekundu, Makao Makuu

Mimi ndiye Mteja Aliyeumia. Sikuumia. Wala si mteja. Sijawahi kununua kwenu hata kifuniko cha valvu. Tawi lenu la huku nimeingia mara moja tu maishani, leo asubuhi, kuuliza barua ya kujikana inaandikwaje. Wamenipa kiti. Kinazunguka kweli.

Yule mzee wa kibanda mwenye mkono wa dhahabu ni mimi mwenyewe. Nilijisifu kwa sababu mlikuwa mmechelewa kunisifu. Mmeuliza gurudumu lilikuwa la upande gani. Lilikuwa la upande wa uongo. Fundi wenu hakumshika mtu mkono. Aliyemwona akishika hakuwepo, alikuwa huku, anagombana na uji.

Mteja wa kweli ni mke wangu. Fungueni daftari la maoni la tawi lile, mwanzoni mwa Mei, mwanamke ameandika amehudumiwa kwa heshima. Ndiye huyo. Tairi mbovu alizokuja nazo nilizifunga mimi, kwa mkono huu huu. Kwenye gari alikuwemo yeye, binti yangu, na mjukuu wangu wa siku tatu ambaye hata mimi sijamwona. Fundi wenu aligoma gari lisitoke. Mkimfukuza, mtakuwa mmemfukuza mtu aliyenibakizia watu watatu, na mimi sina wa akiba.

Anachechemea, kweli. Lile lori lilikuwa la tani saba. Jeki iliteleza, dereva wake yuko chini ya lori, mimi nikarukia mtaroni nikafumba macho. Fundi wenu ndiye aliyesukuma gogo chini ya gurudumu, na mguu wake ukaenda pamoja na gogo. Bega langu halikuhusika. Mvua haikunyesha. Hili sijawahi kumwambia mtu, na naomba lisibandikwe ukutani.

Kofia yenu nairudisha. Nguzo imeivaa wiki nzima lakini haina jasho.

Jirani yenu wa ng'ambo,
Mzee Jeki, fundi wa pancha

Nilisahau: ile kahawa ya mashine si mbaya. Hapo nasema kama mteja.


Jumanne, 4 Juni

Kimya,

Mimi ambaye sijawahi kukosa pa kuanzia, leo nimetafuna kalamu mpaka midomo imekuwa bluu.

Nimewaandikia wakubwa wako. Nimesema ukweli mpaka nikaionea aibu karatasi. Lori nimelirudisha tani saba, bega nimelirudisha mahali pake. Leo jioni nimewasimulia madereva upya, na wewe ndani yake, na mimi mtaroni. Wamesema ile ya zamani ilikuwa tamu zaidi. Nimewaambia wazoee.

Nati ya mwisho ni yako. Nilikuona unamkabidhi spana babu mmoja mwenye pikapu ya mbuzi, nikasema, loo, hii inaweza kunishikisha mkono wa mtu. Ikanishikisha. Toka hapo kila niliyemwona anampa mwanamke spana nilidhani anatafuta kile nilichotafuta mimi. Nikakufungia nje miaka kumi na minane kwa jambo nililolifanya mimi. Langu nikaliita ndoa, lako nikaliita uhuni.

Na nisikudanganye, wivu haujaisha. Nilipoambiwa umecheka mpaka ukashika ukuta, nikaona wivu hata wa ukuta. Miaka ishirini nimekusimulia, ulikuwa unatabasamu kwa kipimo cha dawa. Mke wangu kasema neno moja, umeanguka.

Nakutumia spana ya magurudumu, imo ndani ya gunia, dereva wa basi atakuletea. Siku ile ulipookota spana zako barabarani moja moja, hii uliisahau chini ya benchi langu. Nimeitumia miaka yote. Watu nimewaambia nilizawadiwa na tajiri mmoja wa malori. Mpini umelika pale panapokaa kidole gumba changu. Samahani.

Ukiweza, nisamehe. Usipoweza, usijibu, nimezoea ukinyamaza.

Nina swali moja tu, nikishalijua sitauliza tena mpaka nizikwe. Siku ile, na hii ya juzi: ulimshika mkono?

Jeki


Alhamisi, 13 Juni

Mzee Jeki,

Wamenirudisha kazini jana. Barua yako wameibandika ukutani.

Tairi za mbele nimezitazama, ni nzima. Za nyuma ni zile mpya. Nati zote zimekazwa, ya mwisho amekaza shemeji, binti yako amesimama pembeni na mtoto. Ataondoka Jumamosi asubuhi. Binti na mtoto watamfuata wakipata nguvu.

Mkono sikumshika. Siku ile wala juzi.

Spana nakurudishia, iko chini ya kiti cha pikapu. Sikuisahau. Yako ilikuwa imevunjika wiki ile, nikaona utafanyia nini kazi.

Kimya